Alama za wanafunzi wangu zimepanda, lakini msimamizi ameikataa kazi yangu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari, na jioni ninasoma shahada ya uzamili. Nimeifuata safu yako kwa muda mrefu, sikudhani kama siku moja ningekuwa mimi mwenye shida.

Utafiti wangu unahusu wanafunzi kufundishana wao kwa wao. Mwanzoni mwa muhula niliwapa mtihani wanafunzi wote wa mwaka mmoja, jumla yao 112, nikawachukua 24 waliopata alama za chini kabisa. Hao nikawapanga wawili wawili. Kwa wiki sita, mara tatu kwa wiki baada ya vipindi, kila mmoja alimweleza mwenzake njia ya kukokotoa swali, nami nikawa nasikiliza tu bila kuingilia. Mwishoni nikawapa mtihani mwingine, nikausahihisha mwenyewe. Wastani wao ulitoka 31 ukafika 43. Nililia kwa furaha, Mwalimu. Kuna binti mmoja ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Siku hizi anakwenda ubaoni bila kuitwa.

Niliandika sura nzima ya matokeo nikisema mbinu hii inapandisha ufaulu. Msimamizi wangu aliirudisha baada ya siku nne. Pembezoni aliandika kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini hawa? Ukilinganisha na nani? Huwezi kudai hivi." Hakuandika zaidi. Hakuuliza hata habari za yule binti.

Mwenzangu tunayesoma naye ananishauri niwatoe wale watatu ambao alama zao zilishuka, niseme hawakuhudhuria vizuri. Tena, kwa kuwa wasichana walipanda zaidi ya wavulana, nibadilishe nadharia tete, yaani lile dai ninalolipima, isomeke kana kwamba tangu mwanzo nilikusudia kuchunguza wasichana. Anasema hivyo ndivyo watu wanavyomaliza shahada zao.

Nimebakiwa na miezi mitano. Usingizi sipati. Je, kazi yangu yote imekwenda bure? Nimfuate mwenzangu? Au msimamizi ana jambo nami?

Mwalimu niliyekwama

* * *

Marahaba mwanangu,

Nianze na yule binti, kwa sababu naona ndiye anayekuuma zaidi. Kusimama kwake ubaoni ni jambo la kweli, na hakuna kalamu nyekundu inayoweza kulifuta. Hata zile alama 12 ni za kweli. Msimamizi wako hakukataa kwamba alama zimepanda. Anachokukatalia ni neno moja ulilolitumia: kwamba mbinu yako ndiyo *iliyozipandisha*. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na umbali ulioko kati yake ndio somo zima la kupanga utafiti.

Swali lake la kwanza, "Kwa nini hawa?", ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wengi hulipita. Uliwachagua kwa sababu walikuwa chini kabisa siku ile. Sasa fikiri: alama ya mtihani mmoja imebeba nini? Imebeba uwezo wa mwanafunzi, ndiyo, lakini imebeba na mambo ya siku ile. Mmoja aliamka na homa. Mwingine alisoma mada tatu na swali likatoka kwenye ya nne. Mwingine aliruka ukurasa. Ukiwakusanya walioshika mkia siku moja, umewakusanya wasiojua pamoja na waliokuwa na siku mbaya. Siku mbaya haijirudii kwa watu walewale. Ukiwapima tena baadaye, kundi zima litapanda kidogo hata kama katikati hapo hukuwafundisha chochote.

Usiniamini kwa maneno matupu. Leo usiku kata vipande 60 vya karatasi, kila kimoja ni mwanafunzi wako wa kubuni. Chukua kete mbili, rusha mara moja kwa kila karatasi, andika jumla. Hiyo ndiyo alama ya mtihani wa kwanza. Halafu chambua 15 zenye jumla ndogo kabisa. Wastani wao utakuwa karibu na 4. Hao ndio "wanafunzi dhaifu" wako. Usiwafanye kitu. Rusha tena kete mbili kwa kila mmoja wao, andika jumla mpya. Wastani utaukuta umesogea hadi karibu na 7. Karatasi hazikufundishana, wala hakuna aliyezisikiliza. Zimepanda kwa sababu ulizichagua zikiwa bondeni.

Francis Galton aliliona jambo hili kwenye vimo vya watu na kuliandika mwaka 1886: watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wazazi wao, na wa wazazi wafupi sana hivyo hivyo, husogea juu kuelekea katikati. Wanatakwimu wanakuita huku kurudi kwenye wastani. Kumewapa sifa waganga wengi ambao dawa zao hazina kitu, kwa sababu mtu humwendea mganga siku anapozidiwa, na baada ya siku ya kuzidiwa mara nyingi huja nafuu. Wanafunzi halisi si kete, uwezo wao haubadiliki ovyo namna hiyo, kwa hiyo kupanda kwa bahati kwao kutakuwa kudogo kuliko kwa karatasi zako. Lakini kudogo kiasi gani? Kati ya zile 12, tatu ni za bahati au tisa? Kwa mpango ulioufuata, huwezi kujua. Hakuna hesabu ya baadaye itakayokutenganishia.

Ndiyo maana swali la pili likafuata: "Ukilinganisha na nani?" Mwanangu, maneno hayo matatu ni zawadi. Msimamizi asiyekujali angekugongea muhuri akakuacha uaibike mbele ya watahini.

Mwaka 1747 daktari wa meli aitwaye James Lind alikuwa na mabaharia wanaougua kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiua watu baharini kwa wingi. Alichukua wagonjwa 12 wenye hali zinazofanana kadiri alivyoweza kuwapata, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kilekile, kisha akawagawa wawili wawili na kila jozi ikapewa tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine matone ya asidi, na jozi moja machungwa na malimau. Jozi ya machungwa na malimau ilipona haraka. Baada ya siku sita mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Sasa tazama alichofanya. Angeweza kuwapa wote 12 machungwa, na wangepona wote. Lakini hapo asingejua kama ni machungwa, ni kupumzika, au ni kule kulazwa pahali pamoja. Wale kumi waliobaki wagonjwa ndio waliompa jibu.

Wewe huna wale kumi. Wiki sita ni muda mrefu kwa mtoto anayekua. Katika wiki hizo aliendelea kuhudhuria vipindi vya kawaida, labda mada ngumu ikapita ikaja nyepesi, labda mtihani wako wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Na hesabu hii: mara tatu kwa wiki kwa wiki sita ni vikao 18. Wanafunzi wako walipata vikao 18 vya hisabati ambavyo wenzao hawakuvipata, huku mwalimu ameketi karibu anawasikiliza. Huenda kilichowainua ni muda. Huenda ni kule kuona kwamba kuna mtu mzima anayewajali. Kufundishana kwenyewe huenda kumechangia sana, au kidogo, au hakukuchangia kabisa.

Hapa nataka ukae kidogo, maana wengi wakishaambiwa "tafuta kundi la kulinganishia" hukimbia kumtafuta yeyote ambaye hakufundishwa. Hilo halitoshi. Kundi la kulinganishia lazima lifanane na kundi lako katika kila kitu isipokuwa kile kimoja unachokichunguza. Ukilinganisha waliokaa baada ya vipindi na waliokwenda nyumbani, utakuwa unapima vikao 18, hupimi kufundishana. Kwa hiyo kundi la pili nalo likae muda uleule, siku zilezile, na maswali yaleyale, nawe uwepo. Tofauti iwe moja tu, kwamba kila mmoja anafanya peke yake badala ya kumweleza mwenzake. Hapo kundi lako likilishinda lile, utakuwa na la kusema.

Na nani aingie kundi gani? Usichague wewe. Najua unawapenda wanafunzi wako, na ndiyo sababu nakuambia usichague. Mkono wako utampeleka yule mwenye hamu kwenye kundi unalolitumainia, bila wewe kukusudia. Wala usiwaache wajitolee, kwani anayejitolea tayari ana hamu kuliko asiyejitolea. Piga kura ya bahati, yaani chomoa majina bila kutazama. Kura haimjui mwenye hamu wala mwenye homa. Inawatawanya kwenye makundi yote mawili, hata kwa mambo ambayo wewe hujayafikiria. Na kule kurudi kwenye wastani tulikokusema kutayapata makundi yote mawili sawasawa, kwa hiyo ukitoa moja kwa jingine kunajifuta. Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kura: tatizo lililokunyima usingizi linaondoka bila hesabu yoyote ngumu.

Mfano wake maarufu ni utafiti wa dawa ya streptomaisini kwa kifua kikuu, uliochapishwa Uingereza mwaka 1948 na kusimamiwa kitakwimu na Austin Bradford Hill. Wagonjwa 107 waligawiwa kwa namba za bahati zilizofungwa kwenye bahasha, daktari asijue mgonjwa anayefuata ataangukia wapi. 55 walipata dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wakapata mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki wanne kwenye kundi la dawa, na 14 kwenye kundi la pili. Picha za eksirei zao zilisomwa na wataalamu wasiojua picha ni ya mgonjwa wa kundi gani.

Hilo la mwisho linakuhusu, maana umeniambia uliusahihisha mtihani mwenyewe. Sikutuhumu kudanganya. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi Ujerumani, jina lake Hans, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato. Mwenye farasi alikuwa mtu mkweli kabisa. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipomchunguza, mwaka 1907, aligundua kwamba Hans alijibu vyema pale tu muulizaji alipolijua jibu. Muulizaji asipolijua, farasi naye hakulijua. Alikuwa akisoma miondoko midogo ya kichwa na mwili ya anayemuuliza, miondoko ambayo mwenyewe hakujua anaifanya. Nawe ukikutana na hatua nusu-sahihi kwenye karatasi ya yule binti, kalamu yako itajua ya nani. Mpe mwalimu mwingine asahihishe, karatasi ziwe na namba badala ya majina, na za makundi yote mawili zichanganywe.

Sasa nije kwa mwenzako. Nitasema wazi: usimfuate, hata kwa nusu hatua.

Wale watatu walioshuka ni sehemu ya matokeo yako. Ukiwatoa kwa sababu wameshuka, wastani utapanda, ndiyo, lakini utakuwa umepima uwezo wako wa kuchagua. Mwanafunzi anaweza kutolewa kwenye utafiti, ila kwa sharti lililoandikwa kabla ya alama kuonekana, na linalowahusu wote. Kama kuna aliyepanda alama 20 naye alikosa vikao vilevile, mbona yeye hatolewi? Tena ningekuwa wewe ningekwenda kuzungumza na hao watatu kabla ya mtu mwingine yeyote. Huenda wanajua kuhusu mbinu yako jambo ambalo waliopanda hawalijui.

Hilo la wasichana linaonekana dogo lakini ndilo linaloharibu utafiti mwingi. Data yako inaweza kugawanywa kwa jinsia, kwa umri, kwa mkondo, kwa anayekaa mbele na anayekaa nyuma, kwa mada. Tuseme mbinu haina athari yoyote, na wewe ukaangalia migawanyo 20 isiyotegemeana, kila mmoja kwa kiwango cha kawaida cha kukubali kosa 5 kwa 100. Uwezekano wa kupata angalau mmoja "wenye maana kitakwimu", yaani unaoonekana kama si wa bahati, kwa bahati tu ni kama 64 kwa 100. Ukitafuta, utapata. Ukishapata kisha ukaandika kwamba ndicho ulichokuwa unakitafuta tangu mwanzo, msomaji anadhani ulirusha kete mara moja, kumbe ulirusha mara 20 ukaficha 19. Mtu mwingine ataichukua kazi yako na kupanga masomo ya watoto wengine kwa kuitegemea. Mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa. 97 kati ya zile za awali zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu, lakini ziliporudiwa ni kama 36 kwa 100 tu zilizotoa matokeo ya namna hiyo. Sababu ni zaidi ya moja, ila tabia ya kubadili swali baada ya kuona jibu imo miongoni mwake. Kuhusu wasichana andika ukweli: kwamba uliliona jambo hili ndani ya data bila kulitarajia, na linafaa kuchunguzwa upya. Sentensi hiyo ni halali kabisa, na watahini wazuri huiheshimu.

Kazi yako haijaenda bure. Iite utafiti wa awali, maana ndivyo ilivyo. Umejua kwamba vikao vinawezekana, kwamba wanafunzi hudumu wiki sita, kwamba maswali yako yanaeleweka. Una pia mtawanyiko wa alama, na huo utakusaidia kukadiria idadi ya wanafunzi unaohitaji. Miezi mitano inatosha kwa wiki sita nyingine ukianza mapema.

Wako 88 ambao hujawagusa. Chukua 60 kati yao wenye alama za chini, piga kura mbele ya mwalimu mwenzako, 30 kila upande. Nikwambie ukweli kuhusu idadi hiyo: inatosha kuonyesha tofauti kubwa, haitoshi kuonyesha ndogo. Ili kuwa na nafasi ya 80 kwa 100 ya kuiona tofauti yenye ukubwa wa nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani), ungehitaji wanafunzi kama 64 kila kundi. Kwa hiyo usipoona tofauti, usiandike kwamba mbinu haifai. Andika kwamba utafiti wa ukubwa huu haukuiona. Tena wawili wanaofundishana huvutana juu au chini, alama zao si za watu wawili wasiohusiana, kwa hiyo mwone mtu wa takwimu kabla hujaanza, si baada.

Utaniuliza: je, ni haki kuwanyima wale 30? Kwanza, bado hatujui kama unawanyima chochote. Ndilo swali lenyewe. Pili, wape zamu. Wiki sita zikiisha na mtihani ukishafanyika, kundi la pili nalo lifundishane. Kawaone pia wazazi na uongozi wa shule, na kamati ya maadili ya chuo chako, uombe ridhaa kwa maandishi, na mtoto asiyetaka aachwe bila kuulizwa mara mbili. Usilichukulie kama karatasi za kukuchelewesha. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa wao utazamwe tu, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Kamati hizo zipo kwa sababu ya watu kama hao.

Kabla ya kikao cha kwanza, chukua karatasi moja uandike swali lako kwa sentensi moja. Andika nadharia tete yako. Andika kipimo kimoja kikuu, yaani mtihani upi na tofauti ipi utakayoihesabu. Andika nani atatolewa na kwa sharti gani. Halafu andika kile ambacho watu wengi hawathubutu kukiandika: ni matokeo gani yatakayokufanya useme, "nilikosea, kufundishana hakukusaidia". Kama huwezi kuyataja matokeo hayo, bado huna nadharia tete, una tumaini. Tia tarehe, tia sahihi, umpe msimamizi nakala moja akae nayo.

Ukimpelekea karatasi hiyo, usianze kwa kujitetea. Mwambie umeyaelewa maswali yake mawili, na hivi ndivyo unavyokusudia kuyajibu. Kisha, akikupa nafasi, msimulie habari za yule binti. Sura ya majadiliano ina nafasi yake: mhoji, mnukuu kwa ridhaa yake, eleza alichokwambia kuhusu siku ya kwanza aliponyoosha mkono. Hayo hayatathibitisha kwamba mbinu inapandisha alama, lakini yanaweza kumwonyesha msomaji kinachotokea ndani ya mtoto anapomweleza mwenzake swali, na alama peke yake haziwezi kumwonyesha hilo.

Rusha kwanza zile kete. Ukishapata wastani wa mara ya pili, niandikie umetoka ngapi.